Faili Moja, Watu Wawili

Barua zote zinazoingia nyumbani kwetu husomwa na kitindamimba wetu, mdogo wangu wa mwisho. Desturi hii ilianza alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mwaka mmoja tu baada ya kumleta hapa London, nilipoona kwamba Kiingereza chake cha shule kimekwisha kukipita mbali Kiingereza changu cha ndoo na vumbi. Husoma akiwa amesimama karibu na friji, mkoba bado mgongoni. "Ya umeme. Ya baraza la mtaa. Hii matangazo, tupa." Mimi huendelea na kazi zangu huku nikisikiliza. Sasa ana miaka ishirini na mbili, yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi, na bado anasoma vilevile. Siku nilipomwazima mtu jina langu, desturi hiyo niliisahau kabisa.

Mimi niliacha shule kidato cha pili. Baba alikuwa ametangulia, mama akamfuata, na wadogo zangu watatu walikuwa na njaa kila siku kama watoto wengine wote. Sare nikaikunja, nikaenda kufanya kazi za ndani kwa familia moja ya Kihindi pale Morogoro mjini. Walikuwa na wazazi wao Neasden, karibu na lile hekalu kubwa, na ndio walionileta huku kuwatunza wazee wale. Wazee walizungumza nami Kiswahili mpaka pumzi zao za mwisho. Nilipopata makaratasi yangu, kazi ya kwanza niliyoifanya nayo ilikuwa kumwombea kibali kitindamimba. Ilichukua miaka miwili. Alingojea kwa mama mdogo, kitanda kimoja na watoto wanne, akiniuliza kwenye simu kama nimemsahau.

Nimeyaeleza haya kwa sababu yana uzito katika yale aliyoyasema baadaye.

Mwanamke niliyemwazima jina ni mwenzangu wa kazini, mtu wa Tanga. Tunasafisha ofisi pamoja katikati ya jiji, tunapanda treni ya kwanza kutoka Tottenham wakati wenye ofisi zao bado wamelala. Alikuja kwa viza ya kutembea, akabaki. Zaidi ya hapo sikumuuliza, na yeye hakunieleza. Kazini kwetu mtu huulizwa anatumia sabuni gani, haulizwi makaratasi. Asubuhi moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi, bomba la mashine ya vumbi limemzunguka shingoni, macho ameyafumba.

"Kichwa," akasema. "Na miguu. Tazama miguu, viatu vimekataa."

"Nenda kliniki."

"Nikaandikwe wapi, mwenzangu? Mtu kama mimi akishaandikwa, ameshakamatwa."

Kwetu, mtu akifiwa naye hana kanga ya heshima, jirani humwazima. Haombwi, huona tu, akaleta. Ndivyo nilivyofanya. Kliniki yangu ni kubwa, wahudumu wa pale mapokezi hubadilika kila mwezi, na swali lao ni tarehe ya kuzaliwa na anwani. Mimi mwenyewe nilikuwa sijafika pale kwa miaka miwili. Tulifanana kama wanavyofanana wanawake wawili wa makamo waliofunga vitambaa kichwani, machoni pa mtu asiye na haja ya kuwatazama.

Tulifanya mazoezi kituo cha basi.

"Tarehe ya kuzaliwa?" Akaitaja.

"Jina la mama?" Akalitaja. Kulisikia jina la mama yangu likitoka kinywani mwa mtu mwingine, taratibu, kama somo la kukariri, kulinifanya nitazame pembeni.

"Dawa inayokudhuru?"

"Penisilini. Nikiinywa navimba uso kama andazi."

"Umewahi kupasuliwa?"

"Kidole tumbo." Akajishika tumbo, akacheka mpaka mzee mmoja wa Kizungu akageuka. "Jamani! Kumbe nimeshapasuliwa na mwenyewe sina habari!"

Tangu siku ile akawa ananiita wajina. Nami nikamwita hivyo.

Walimkuta na presha ya juu sana. Wakampa vidonge, wakamtoa damu mara mbili, wakamwambia arudi. Akarudi. Miezi ikapita, viatu vikakubali miguu tena, nasi tukajiona wajanja.

Kisha ikaja Jumapili ya dodoso.

Wajina alikuwa jikoni kwetu akisukuma chapati, kama afanyavyo Jumapili akitoka kanisani. Kitindamimba alikuwa mezani na mwanafunzi mwenzake, msichana wa Kihindi ambaye bibi yake alizaliwa Mwanza, kwa hiyo Kiswahili anakifahamu cha jikoni: chai, sukari, njoo kula, nitakupiga. Wote wawili huzungumza Kiingereza, na maneno yao hapa nimeyaweka katika lugha yangu. Chuo kilikuwa kimewapa dodoso la kujaza kabla ya kipindi cha majadiliano. Lilikuwa na sentensi kumi na mbili juu ya kuwauguza watu wasio na kibali cha kuishi nchini, na kwa kila sentensi uweke namba, moja hadi tano, kuonyesha unakubali kiasi gani.

"Ya nne," kitindamimba akasoma. "Mgonjwa asiye na kibali anastahili huduma sawasawa na mwenye kibali."

"Tano," mwenzake akasema. "Hiyo hata haihitaji kufikiri."

"Ndiyo shida yako, hufikiri. Mimi mbili."

"Mbili!" Msichana akajishika kifua kama aliyechomwa kisu. "Bibi yangu angekupiga na mwiko. Yeye alifika hapa na sanduku moja."

"Bibi yako alifika na sanduku moja na pasipoti ya Kiingereza ndani yake."

Nilicheka, maana wazee wangu wa Neasden nao walikuja na pasipoti hizo hizo. Wajina hakucheka. Aligeuza chapati.

"Anti," yule msichana akamwita, "wewe ungeweka ngapi?"

"Mimi? Mimi naweka mafuta tu, mwanangu."

Kitindamimba hakuwa anatania. Alieleza kwamba katika wodi aliyofanyia mazoezi alimwona mzee amelala kwenye kitanda cha magurudumu kwenye korido, tangu asubuhi mpaka zamu yake ikaisha, na mzee huyo alikuwa akimwomba radhi kila anapopita. "Sisemi watu wafe," alisema. "Nasema kuna foleni. Dada alipanga foleni. Mimi nilipanga foleni nikiwa na miaka minane, nikilala mzungu wa nne, kichwa miguuni pa mwenzangu, na watoto wa mama mdogo. Mtu anayeruka foleni anamruka nani? Anamruka mtu kama mimi."

Miaka ile miwili ni mimi niliyemwambia asubiri, kwamba hivyo ndivyo watu waungwana wanavyofanya.

"Ya tisa," mwenzake akasoma, sauti yake imepungua mzaha. "Nikigundua mgonjwa anatumia jina la mtu mwingine kupata matibabu, nitatoa taarifa."

"Tano," kitindamimba akasema. "Huo ni wizi."

Kibao cha chapati kikanyamaza. Wajina anafahamu Kiingereza cha kutosha. Alimaliza madonge mawili yaliyobaki, akanawa mikono, akasema kichwa kinamgonga kidogo, akaenda zake bila kula. Kitindamimba akamfungia chapati nne kwenye karatasi, akamkimbilia mpaka kwenye lifti. Anampenda sana. Wajina ndiye aliyemfundisha kusuka nywele zake mwenyewe.

Baada ya Jumapili hiyo nilimuuliza Wajina mara mbili kama anakwenda kliniki. Akaniambia anakwenda, na mimi nikaridhika na jibu hilo kwa sababu lilinifaa.

Barua ilikuja Jumatano moja, wiki kadhaa baadaye. Nilikuwa naosha sukuma wiki. "Ya baraza," akasoma. "Ya kliniki, yako." Akaendelea kusoma, halafu sauti ikakatika.

"Dada, kaa chini."

"Mikono yangu ina maji."

"Kaa."

Barua ilisema wamejaribu kunipigia simu bila mafanikio. Vipimo vya damu vya mwisho vilionyesha figo hazifanyi kazi inavyopasa, sikuwa nimerudi kuchukua vidonge vya presha, na ilikuwa lazima nifike haraka ili wanipeleke kwa wataalamu hospitalini. Kitindamimba aliiweka barua juu ya friji, akapiga magoti mbele yangu, akaivuta soksi yangu chini. Akabonyeza kifundo cha mguu kwa dole gumba, kama walivyomfundisha, akangoja kuona kama patabaki shimo. Hapakubaki. Akabonyeza mguu wa pili.

"Mbona hukuniambia?" akauliza, na akaanza kulia. Mama alipozikwa alikuwa mdogo mno kulia. Alikuwa akichezea udongo. Sijawahi kuliliwa na mtu tangu mama afe, na nitasema kweli: kwa muda mfupi niliacha alie, kwa sababu ilikuwa tamu. Halafu nikamwambia.

Nilimweleza yote, tangu ngazi za ofisini hadi kituo cha basi. Alifuta uso kwa mkono wa sweta. Nilitegemea afoke kuhusu sheria. Hakutaja sheria.

"Dada, unajua mlichofanya? Faili moja, watu wawili. Ukianguka barabarani kesho, watafungua faili wasome presha ya juu, figo mbovu, watakutibu ugonjwa usio wako. Yeye akipata homa ya mapafu, watasoma penisilini inamdhuru, watamnyima dawa ambayo pengine ndiyo ingemponya. Na kwa nini? Kwa sababu wewe ndiye unayevimba uso."

Hilo sikuwahi kuliwaza. Nilidhani nimeazima kanga, kumbe nimeazima mwili.

"Na lililo baya zaidi," akaendelea, "hamkuhitaji. Kliniki ya mtaa haidai pasipoti. Haidai kibali. Mtu yeyote anayeishi hapa anaweza kuandikishwa kwa jina lake mwenyewe. Hospitali kubwa ndiyo mambo mengine, huko wanaweza kumwandikia bili. Lakini kliniki, hapana. Tulifundishwa mwaka wa kwanza."

"Ulijua hivyo, na bado ukaweka mbili?"

"Sijui, Dada," akasema, safari hii kwa Kiswahili.

"Na ile ya tisa?"

"Nipe mpaka kesho."

Nimelea watoto watatu, na najua kuna wakati mtoto husukumwa na wakati huachwa. Nilimwacha. Lakini siku iliyofuata kazini sikuweza kumtazama Wajina usoni. Nilimwambia habari ya barua tukiwa tunakunja vitambaa. Hakushtuka.

"Vidonge viliisha siku nyingi," alisema. "Tangu mwanao aweke tano."

"Ulinidanganya."

"Na wewe ulitaka kudanganywa, wajina."

Viatu alikuwa amevaa vya mume wa mwenye nyumba wake, kwa sababu vyake vimekataa tena.

Kitindamimba alirudi kutoka chuoni alasiri, akakaa bila kuvua koti. Alikuwa amezungumza na mwenzake yule, bila kutaja mtu. "Tunakwenda wote watatu," alisema. "Ila mtasema wenyewe. Mimi sitasema neno. Nikisema mimi, nitakuwa nimewashitaki. Nikikaa kimya na nyinyi mkaendelea, nitakuwa nimeshiriki, na naweza kupoteza kazi ambayo hata sijaianza. Kwa hiyo semeni nyinyi, tafadhali." Hiyo tafadhali aliisema kama mtoto.

Nilimfuata Wajina chumbani kwake, juu ya duka la nywele na samaki wakavu. Begi lilikuwa wazi kitandani. Alikuwa na binamu mji mwingine, akasema. Huko kuna kazi ya kufungasha mboga.

"Huko utakuwa nani?" nikamuuliza.

"Nitapata mwingine wa kuniazima."

"Kitindamimba anataka kwenda nawe kliniki."

"Kunipeleka, au kunisindikiza?"

"Kukusindikiza."

"Una hakika?"

"Sina," nikamjibu. "Aliweka tano, uliisikia. Lakini binamu yako hana dawa ya figo. Hilo nina hakika nalo."

Alikaa juu ya begi. Alinieleza kwamba mama yake alikufa kwa miguu kuvimba, na watu wakasema ni kurogwa. Kisha akaniomba nimsaidie kuzirudisha nguo kabatini, kwa sababu kuinama kunamtia kizunguzungu.

Pale mapokezi nilisema nina mambo mawili: faili langu lina makosa, na rafiki yangu anataka kuandikishwa. Mhudumu alianza na la pili. Akamwomba Wajina pasipoti na kibali cha kuishi. Wajina akanitazama, nikaona miguu ile iliyovimba ikianza kugeukia mlango.

"Havihitajiki," akasema kitindamimba, yule aliyeapa hatasema neno. Hakupaza sauti. Ilikuwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani, ya upole na isiyosogea, nadhani ndiyo anayotumia wodini. "Anaweza kuandikishwa bila hivyo. Ukipenda, muulize meneja wako, sisi tutangoja."

Mhudumu aliingia ndani, akakaa muda, akarudi na fomu. Wajina aliandika jina lake polepole. Kwenye tarehe ya kuzaliwa aliandika tarakimu mbili za kwanza za tarehe yangu, akasita, akazikata.

Muuguzi wa kliniki aliniita mimi kwanza, nikamweleza. Aliweka kalamu chini. Hakuwa mkali, na hakuwa mpole pia. Aliniambia ningeweza kumuua mtu, au kuuawa, na kwamba itambidi amweleze meneja. Akaniuliza ni vipimo vipi si vyangu, tukavipitia kimoja kimoja. Baadaye nilipata barua ya onyo, na mambo yakaishia hapo, ingawa nilikaa wiki kadhaa nikiogopa kila mlio wa kengele ya mlango.

Nilirudi kukaa nao kwenye viti vya kungojea. Watoto walikuwa wanakohoa. Mlango ukafunguka, muuguzi akaita jina.

Hakuna aliyeinuka. Muuguzi akaita tena, akakosea irabu moja, akatazama karatasi yake. Wajina alikuwa akitazama sakafu, kama watu wengine wote wanaongojea mtu mwingine aitwe. Huenda katika nchi hii hakuna aliyewahi kuliita jina hilo kwa sauti, mbele za watu, kutoka kwenye karatasi. Nilipotaka kumgusa kiwiko, kitindamimba alikwisha kusimama mbele yake na kumpa mkono.

"Anti," akasema. "Ni wewe."

Wakaingia wote wawili. Mimi nilibaki na mkoba wa Wajina mapajani.

Figo zimebaki na nguvu kiasi, wanasema, na vidonge vinazisaidia zisipungue. Hospitali kubwa ilimwona, na barua zao za bili zinakuja. Kitindamimba humwandikia majibu, na kuna shirika la mawakili wa bure linalomsaidia. Haijaisha, na sijui itaishaje. Dodoso lilikuwa limekwisha kukusanywa siku nyingi. Nilimuuliza kama angeweza kubadili namba zake, akasema madodoso hayana majina, hayawezi kurudishwa. Kuhusu foleni, bado tunabishana Jumapili, na Wajina siku hizi naye hubishana, mwiko mkononi. Mwenzake wa Kihindi anasema bibi yake anataka kuja kusikiliza.

Barua za Wajina zinaletwa kwetu sasa, kwa jina lake. Kitindamimba huzisoma akiwa amesimama karibu na friji, mkoba mgongoni. "Ya umeme. Ya baraza. Hii ya Anti." Hiyo haifungui. Huiweka juu ya friji mpaka mwenyewe aje, amsomee.